Mtwara hadi Mwanza: ndege mwanzo mwisho, nusu basi nusu ndege, au ardhini moja kwa moja?

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Shangani, dada mmoja nesi aliyehamishiwa Mtwara akitokea Magu, alinionyesha simu yake kwa furaha ya mtu aliyeokota hela. Alikuwa ametafuta kwenye intaneti umbali wa angani kati ya uwanja wa Mtwara na wa Mwanza, na kikokotoo kikamjibu bila kusita: kilomita 1,188, muda wa kuruka saa mbili.

"Kaka, kumbe ni karibu hivi? Natoka hapa asubuhi, mchana niko kwa mama nakula sato."

Nikamwambia akae kwanza. Hesabu hiyo hiyo niliipiga mwenyewe mwaka wangu wa kwanza huku, nikaishia kulala gesti ya Kipawa, jirani na uwanja wa ndege wa Dar, mkononi nina tiketi isiyofaa hata kufungia karanga. Kwetu ni Sengerema, ukweni ni Mikindani, na tangu wakati huo njia hii nimeipita kwa jeti, kwa pangaboi (ndege ya mapanga), kwa basi la usiku, kwa treni, na mara moja kwa kuzunguka Songea. Nilichomwambia ndicho ninachokiandika hapa, maana Mtwara ina watumishi wengi wa Kanda ya Ziwa, na ikifika Novemba swali huwa ni lile lile.

Kilomita 1,188 hizo ni za nani?

Namba yenyewe si ya uongo. Ukichukua uzi ukauvuta juu ya tufe la dunia kutoka uwanja wetu hadi ule wa Mwanza kule Ilemela, utapata hizo hizo au pungufu kidogo. Uzi unapita juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, unafika Kilosa, unapita jirani na Mpwapwa, unaiacha Singida upande wa kushoto, kisha unashuka ziwani. Vikokotoo vingi hugawa umbali kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa na kuongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Ndiyo maana inatoka saa mbili kamili, safi kama imepigwa pasi.

Kasoro ni kwamba hakuna ndege ya abiria inayoufuata uzi huo. Kutoka Mtwara unapelekwa Dar es Salaam, kilomita kama 400, na kutoka Dar unapelekwa Mwanza, kilomita kama 850. Jumla ni 1,250 hivi. Angalia vizuri: kupita Dar kumekuongezea kilomita 60 na kitu tu, ambazo jeti inazila kwa dakika tano. Watu hulaumu "kuzungushwa Dar", na kwenye ramani mzunguko wenyewe karibu hauonekani. Kinachokula siku ni kukaa Dar. Kwa hiyo unapolinganisha safari mbili, kilomita ziweke pembeni, uliza maswali mawili tu: nitakaa Dar saa ngapi, na nikichelewa kufika Dar hasara ni ya nani?

Jambo jingine ambalo kikokotoo hakilijui ni chombo utakachopanda. Mwendo wa kilomita 800 ni wa jeti. ATR, yenye mapanga, inakwenda kama kilomita 500 kwa saa. Q400, nayo ya mapanga, kama 650. Airbus A220 inapita 800. Kwenye kipande kifupi cha Mtwara hadi Dar tofauti hiyo haina uzito: jeti itakufikisha ndani ya saa moja, pangaboi saa moja na robo hivi, na robo saa hiyo utaipoteza tena ukisubiri begi. Kwenye kipande cha Dar hadi Mwanza tofauti inaonekana, kama saa moja na nusu kwa jeti dhidi ya saa mbili hivi kwa pangaboi. Ukipata nafasi ya kuchagua, jeti iweke huko. Wanaoogopa pangaboi kwa sababu ya makelele, sina cha kuwasaidia. Mimi huipenda kwa sababu hairuki juu sana na dirisha lake lina mengi: ukitoka Mtwara, kaa kushoto uone Kilwa na baadaye delta ya Rufiji ilivyojikunja kama mizizi ya mkoko, au kaa kulia uone Mafia.

Ndege mwanzo mwisho: tiketi moja au tiketi mbili?

Hapa ndipo pesa za watu hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukipanga vizuri, safari hii kwa ndege huchukua saa saba hadi tisa, kuhesabia tangu unafunga mlango wa nyumba Mtwara hadi unakanyaga nje ya uwanja wa Mwanza. Ndani ya saa hizo, angani unakaa mbili na nusu tu. Zilizobaki ni bajaji ya kwenda uwanjani, kuripoti mapema, kusubiri Dar, na kusubiri mzigo. Nikigawa umbali kwa muda huo wote, mwendo wangu wa kweli unakuwa kilomita 150 kwa saa. Huo ndio mwendo wa kuweka kichwani unapolinganisha na basi, wala usichukue ule wa 800.

Unaweza kukata tiketi moja yenye vipande vyote viwili kwa shirika moja, au tiketi mbili zisizojuana. Mara nyingi tiketi mbili zinaonekana rahisi zaidi kwa elfu thelathini, arobaini. Mimi mwaka ule niliona elfu arobaini, nikaona nimewapiga bao. Nikakata kipande cha kwanza huku, cha pili kule, nikajiachia saa mbili na dakika kumi za kubadilisha ndege Dar.

Siku ya safari nimeshakaa kwenye chumba cha kusubiri, tangazo likatoka: ndege imechelewa kutoka Dar. Hili ni jambo ambalo wengi hawalifikirii. Ndege inayokuchukua Mtwara kwa kawaida ndiyo iliyotoka Dar muda mfupi kabla. Ikichelewa kule, huku mtachelewa hata kama mbingu ni nyeupe na abiria wote wamekaa mguu sawa. Tuliruka saa moja na dakika ishirini baadaye. Dar nikatua nikiwa na dakika hamsini. Begi langu likatoka kwenye mkanda karibu la mwisho, nikatoka nje mbio, nikazunguka hadi mlango wa kuondokea, nikapanga foleni ya ukaguzi nikivua mkanda wa suruali, nikafika kaunta na jasho.

"Kaka, tumeshafunga."

"Ndege si bado iko hapo?"

"Iko, lakini orodha imeshafungwa."

Yule kijana hakuwa na kosa. Shirika la kwanza likasema limenifikisha Dar kama tulivyokubaliana, la pili likasema sikutokea kwenye safari. Wote wana haki, na mimi ndiye niliyelala Kipawa. Tiketi ya kesho yake, iliyonunuliwa siku moja kabla tena Desemba, sitataja bei yake, mke wangu husoma haya maandishi.

Kwa tiketi moja mambo huwa tofauti. Kipande cha kwanza kikichelewa ukakosa cha pili, ni juu ya shirika kukutafutia nafasi kwenye ndege inayofuata. Na mzigo unaweza kuandikwa hadi mwisho wa safari. Pale kaunta ya Mtwara, kabla hujaondoka, soma kijikaratasi kinachobandikwa kwenye mpini wa begi: kama kimeandikwa MWZ, begi utalikuta Mwanza, kama kimeandikwa DAR, utalichukua Dar mwenyewe na kulikabidhi upya. Kuuliza hakugharimu kitu. Nimeona mtu amefika Mwanza mikono mitupu, begi lake linazunguka peke yake kwenye mkanda wa Dar kama mtoto aliyesahaulika sokoni.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki. Tiketi moja, saa tatu za kusubiri Dar zinatosha. Tiketi mbili, usikubali chini ya nusu siku, na kama siku yenyewe ina jambo lisilosubiri, harusi, usaili au mgonjwa, nenda Dar jana yake. Ndege ya kwanza ya asubuhi huwa na afadhali kuliko ya alasiri, kwa sababu ucheleweshaji hujikusanya kadiri siku inavyokwenda: dakika ishirini za asubuhi zinakuwa saa nzima jioni.

Bei sitaziandika, zinabadilika kabla hujamaliza kusoma. Ninachoweza kusema ni kwamba msimu wa minada ya korosho, kuanzia Oktoba, ndege za Mtwara hujaa wanunuzi na watu wa mabenki, ukichanganya na likizo za Desemba ndiyo balaa. Anayekata Septemba na anayekata Desemba wanaweza kukaa siti jirani na mmoja akawa amelipa karibu mara mbili ya mwenzake.

Nusu basi nusu ndege

Hii ndiyo njia ninayoitumia mara nyingi nikiwa peke yangu, na nina sababu ya kihesabu.

Tazama vipande viwili. Mtwara hadi Dar ni kilomita 400 angani na kama 560 barabarani. Basi hutumia saa tisa hadi kumi na moja, ndege na kusubiri kwake saa tatu na kitu. Ndege imekuokolea saa saba hivi. Dar hadi Mwanza ni kilomita 850 angani na kama 1,150 barabarani. Basi hutumia saa kumi na sita na zaidi, ndege na kusubiri kwake saa nne. Hapa umeokoa saa kumi na mbili au zaidi. Sasa njoo kwenye bei: kwa uzoefu wangu, kipande kifupi cha Mtwara mara nyingi kinakaribia bei ya kile kirefu cha Mwanza, kwa sababu kwetu ndege ni chache na Mwanza ni nyingi. Pesa ile ile inayokuokolea saa saba huku, kule inakuokolea kumi na mbili. Basi kaa kwenye basi huku, panda ndege kule.

Kinyume chake, yaani kupanda ndege hadi Dar halafu basi hadi Mwanza, nimeona watu wakifanya kwa kuwa tu wanataka "kuanza safari vizuri". Umelipa ghali kipande kifupi, ukajibakizia mateso marefu. Sikushauri.

Tangu 2023 serikali ilipoondoa zuio la mabasi kutembea usiku, njia hii imekuwa nyepesi zaidi. Unapanda basi jioni stendi ya Mkanaledi, mnapita Mingoyo, mnasimama Nangurukuru watu wanakula na kuchimba dawa, alfajiri mnavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, na kabla jua halijachomoza vizuri uko Mbagala. Kutoka Mbagala hadi uwanja wa ndege ramani inasema mwendo mfupi. Foleni ya asubuhi haisomi ramani. Kata ndege ya saa sita mchana au baadaye, usijidanganye na ya saa mbili asubuhi. Ukifika mapema, kunywa chai taratibu, nawa uso, badilisha shati.

Udhaifu wake ni mvua. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara maeneo ya Somanga, na magari yakalala njiani. Aliyekuwa na ndege ya Mwanza siku ile aliitazama ikipita kwenye saa yake tu. Kuanzia Februari hadi Mei mimi huongeza siku nzima ya akiba, au nakubali yaishe na kulipia ndege kote.

Halafu kuna mwili. Nilipokuwa na miaka thelathini nilikuwa nalala kwenye basi kama gogo. Siku hizi nafika Mbagala shingo imeelekea Kigamboni.

Ardhini moja kwa moja

Mtwara, Dar, Dodoma, Singida, Nzega, Shinyanga, Mwanza: zinapita kilomita 1,700. Kwa viwango vya nauli vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, vilivyoanza Desemba 2023, yaani shilingi 48.47 kwa kilomita daraja la kawaida na 67.84 daraja la kati, safari nzima inatoka kama elfu 83 au elfu 116. Ndege kote inaweza kuwa mara nne ya hapo, au zaidi ukichelewa kukata. Kwa familia ya watu watano tofauti hiyo ni mtaji wa duka.

Lakini ongeza vya njiani: chakula mara nne au tano, maji, bodaboda kati ya stendi na stendi, na gesti kama mtalala Dar. Mabasi ya kusini watu wengi hushukia Mbagala, ya Mwanza yanaondokea Stendi ya Magufuli kule Mbezi Luis, na kati ya hapo kuna jiji zima la kuvuka na mabegi. Na siku nazo ni pesa. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mbili za kwenda na mbili za kurudi, ukijumlisha ya kunyoosha mgongo kila upande, umebakiwa na 22.

Kilichobadilisha njia hii ni SGR, reli mpya ya kisasa. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inakwenda Dar hadi Dodoma, kilomita 444, na nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 31,000. Inatumia saa tatu na nusu hadi nne, kipande ambacho basi linakutafuna nusu ya siku. Unatoka Mtwara jioni, unapanda treni asubuhi, adhuhuri hujafika uko Dodoma, unatafuta basi la Mwanza. Kutoka hapo bado zimebaki kilomita kama 700, kwa hiyo jiandae kufika usiku mkubwa. Stesheni ya treni na stendi ya mabasi Dodoma haviko pamoja, na tiketi ya treni siku za sikukuu inataka kukatwa mapema, ukienda siku hiyo hiyo utaikosa. Reli ikifika Mwanza, maana kipande cha Isaka hadi Mwanza cha kilomita 341 nacho kiko kwenye ujenzi, ulinganisho huu wote utabidi uandikwe upya.

Kuzunguka Songea, yaani Masasi, Tunduru, Songea, Makambako, Iringa, Dodoma, nilifanya mara moja. Ni lami, ni pazuri, ni zaidi ya kilomita 2,000. Fanya kama una ndugu wa kulala kwao kila mji.

Unabeba nini?

Watu hulinganisha nauli wakasahau kiroba. Kwenye ndege za ndani za mashirika makubwa kawaida ni kilo 23 kwa begi la kupakia, lakini soma tiketi yako, maana za bei ya chini zina masharti yake, na vindege vidogo huruhusu pungufu ya hapo. Kwenye basi, mzigo ni maelewano yako na konda.

Kutoka Mtwara mama mkwe wangu hawezi kukubali niondoke mikono mitupu. Korosho zilizobanguliwa hazina shida: kavu, nyepesi, hazinuki. Ming'oko ndiyo kesi. "Mwanangu, wapelekee wakaonje, huko kwenu hakuna," na anajaza mfuko mpaka hauinuki. Ming'oko ni mizizi, mizizi ni kilo. Mwaka juzi nilipima kwenye mizani ya duka kabla ya kwenda uwanjani: kilo tisa za ming'oko, ndani ya begi lenye ruhusa ya 23. Nguo zangu nusu zilibaki Mikindani.

Kurudi ni kugumu zaidi, kwa sababu ya dagaa. Niliwahi kufika kaunta ya Mwanza na boksi la tambi nililolifunga kwa gundi ya karatasi. Dada wa kaunta hakulipima kwanza, alilinusa.

"Shikamoo kaka, humu mna nini?"

"Marahaba. Ni dagaa kidogo."

"Wamefungwaje?"

Nikafungua. Walikuwa kwenye mfuko mmoja wa nailoni, na tayari mafuta yameanza kutia doa upande mmoja wa boksi. Akaniambia kwa upole nitafute ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, mifuko miwili ndani, gundi ya nailoni kuzunguka mdomo, ndipo apokee. Ndoo niliipata nje kwa kijana anayejua kabisa kwa nini anauza ndoo karibu na uwanja wa ndege. Samaki wabichi wana masharti makali zaidi, waulizie kabla. Kama mzigo wako ni gunia, hakuna mjadala: basi.

Ambao hawaanzii Mtwara mjini

Mtu wa Lindi mjini ana hesabu yake. Kufuata ndege Mtwara ni kurudi kusini zaidi ya kilomita 100 ili baadaye uruke kaskazini ukipita karibu na ulikotoka. Kwake nusu basi nusu ndege ina nguvu zaidi, maana hadi Dar amebakiza kama kilomita 450 tu. Wa Masasi yuko kama kilomita 200 kutoka uwanjani, kwa hiyo ndege ya asubuhi inamlazimu alale Mtwara. Aiongeze gesti kwenye bei ya tiketi kabla hajasema ndege ni rahisi.

Na upande wa pili vilevile, Mwanza si mwisho wa safari kwa kila mtu. Kwetu Sengerema zamani ukitua jioni ulikuwa unawahi kivuko cha Kigongo na roho juu. Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo hadi Busisi, kilomita tatu juu ya maji, na sasa hata ndege ya usiku kwangu inafaa. Kwa wa Sengerema na Geita hilo limeongeza machaguo ya ndege kuliko shirika lolote lilivyofanya.

Saa za tiketi na saa za jua

Tiketi huandikwa kwa saa 24, na sisi tunasoma kwa saa zetu. Shemeji yangu aliona 06:40 akajua ni saa sita na dakika arobaini mchana. Akafika uwanjani saa tano asubuhi, kaoga, kajipulizia marashi, ndege imeshatua Dar zamani. 06:40 ni saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Ukiipata tiketi, andika pembeni kwa kalamu saa ya Kiswahili, na neno asubuhi au jioni.

Saa ya ukutani ni moja Mtwara na Mwanza, lakini jua si moja. Mwanza iko digrii saba na kidogo magharibi ya kwetu, kwa hiyo kwa wastani jua huzama huko kama nusu saa baadaye. Shemeji yule yule, safari nyingine, alisafiri akiwa amefunga Ramadhani. Kazoea adhana ya Mtwara, amekaa Mwanza na tende mkononi anatazama saa, anatazama dirisha, anatazama saa. Nusu saa ile alisema ilikuwa ndefu kuliko Dar hadi Mwanza.

Basi nani apande nini?

Mwenye mtoto mchanga, mjamzito, mzee, mgonjwa, au mwenye msiba wa kuwahi: ndege mwanzo mwisho, tiketi moja, hata ikibidi kukopa. Mtoto wa chini ya miaka miwili anayekaa mapajani hulipiwa sehemu ndogo tu ya nauli. Aliye peke yake, mwenye afya, anayetaka kuokoa: basi la usiku hadi Dar, ndege hadi Mwanza, nje ya miezi ya mvua. Mwenye familia kubwa au mzigo wa biashara: ardhini, na treni katikati kama mzigo unaruhusiwa, kwa sababu SGR nayo ina kikomo chake cha mabegi. Mtumishi ambaye mwaka huu ni zamu yake ya kulipwa nauli ya likizo, huyo nampa pole ya kuisubiri iingie. Ikiingia Desemba, bei za ndege zimeshapanda.

Jirani yangu ana mtoto wa miezi tisa, kwa hiyo hakuwa na mengi ya kuchagua. Jana jioni kaja na simu tena niikague tiketi: MYW, DAR, MWZ, namba moja ya tiketi, kusubiri Dar saa tatu na nusu, kipande cha pili jeti. Nikamwandikia saa kwa Kiswahili kwenye karatasi.

"Na kurudi je?"

"Kurudi bado sijakata, kaka. Mama anasema ana debe mbili za dagaa."